Majani ya Upande wa Soko

"Na hawa walipigiwa chafya na nani?"

Kimberly aliziweka chupa mbili za plastiki mezani, katikati ya sufuria ya chai na sahani ya viazi vya jana, kisha akakunja mikono kama askari wa kaunti aliyekukuta umetandika nyanya barabarani.

"Toa wadudu kwa meza ya chakula," nikamwambia.

"Shosho, nimekuuliza."

"Na mimi nimesikia. Kwani siku hizi mtoto wa miaka kumi ndiye anauliza, na shosho ndiye anajibu?"

"Hii chupa niliwekea majani ya upande wa nyumbani. Hii ingine, majani ya upande wa soko. Niliziweka Alhamisi jioni. Kila chupa viwavi watano. Dirisha ni moja, neti ni moja. Sasa angalia."

Sikutaka kuangalia, lakini niliangalia. Katika chupa ya kwanza jani lilikuwa limetobolewa likawa kama chujio la chai, na viwavi wa kijani walikuwa wanaendelea kula bila haraka. Mmoja alikuwa ameshajifungia kwenye kijumba chake cha nyuzi, tayari kugeuka kipepeo. Katika chupa ya pili jani lilikuwa zima, nyororo, linang'aa. Viwavi watano walikuwa chini yake, wamejikunja, weusi kama mbegu za papai.

"Labda hao walishikwa na baridi," nikasema.

"Dirisha ni moja, Shosho."

"Labda walikuwa wazee."

Hakucheka. Huyo mtoto hucheka hata nikikohoa. Ni binti wa kijana wangu Mburu, ambaye ni fundi wa magari huko Nakuru, na jina lake la nyumbani ni Wangare, jina langu mimi. Kwa hivyo akiwa na raha huniita wajina. Asubuhi hiyo ya Jumamosi neno wajina halikutoka hata mara moja.

Ngoja niwaeleze hii habari ya upande na upande, maana mtu wa mbali akipita barabara ya Molo na kuona shamba langu ataona kabeji tu. Mimi naona mashamba mawili. Kuna mistari ya chini kando ya ua, karibu na choo, ambayo hatupigi dawa. Hiyo ndiyo tunayokula. Kabeji zake ni ndogo, zimejaa matundu, na ukizikata lazima uangalie vizuri usipike nyama ambayo hukununua. Halafu kuna mistari ya juu, hadi kwa fensi, ambayo napiga dawa kila Jumatatu. Hizo ni kubwa, hazina doa, na Waithaka, dalali anayetuchukulia mboga, huzipakia kwenye lori zikateremka Nakuru. Majirani zangu wengi wanalima hivyo hivyo. Hakuna anayeuliza kwa nini, na mgeni akikaa kwa chakula hakuna anayemkatia kabeji ya juu.

Msiseme sikujua. Nilizaliwa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa mzungu mmoja wa pareto, huko juu karibu na msitu. Mwaka ambao wenzangu walipelekwa shule, mama alinifunga kikapu kiunoni akanipeleka kuchuma maua. Maua meupe, yana jicho la njano. Nyapara alituambia yanaenda Ulaya kuua wadudu wa wazungu. Tulirudi nyumbani na vumbi lake kwenye nywele, na chawa walikuwa wanatupita wakienda kwa watu wengine. Basi kusoma sikusoma, lakini kazi ya dawa ya wadudu niliijua kabla ya kung'oka meno ya maziwa.

Mambo yalianza na mdomo wangu, kama kawaida. Mwanzo wa muhula, mwalimu wa Gredi ya Nne aliniita niende darasani niwape watoto hadithi. Anaitwa Mwalimu Immaculate, msichana mdogo, ana heshima, anainama kidogo akikusalimia. Alisema watoto watasoma maisha ya wadudu, kutoka yai hadi mdudu mzima, na angependa mkulima awafungulie somo. Nilivaa sweta yangu ya kanisani. Nilipoona watoto arobaini wamenitolea macho, ukweli ukaniona mimi na ukatoroka kupitia dirishani.

Niliwaambia kwamba mwaka mmoja viwavi waliingia Molo wakawa wengi mpaka treni ikateleza juu yao pale stesheni, ikarudi nyuma yenyewe hadi Njoro, abiria wakidhani wanaendelea mbele. Nikawaambia nilimtafuta mkubwa wao nikampata shambani kwangu, kiwavi wa urefu wa mkono, amejifunga blanketi kwa sababu ya baridi. Nikamtolea debe akakaa. Akaniambia, "Mama, tuna njaa." Nikamwambia, "Na mimi nina watoto sita, na wao hawakuzaliwa na shibe." Tukaongea mpaka tukapatana: wao wachukue magugu na nyasi za kando, mimi wasiniguse kabeji. Na tangu siku hiyo hakuna kiwavi amewahi kutoboa jani la Wangare.

Mtoto mmoja akauliza, "Alisaini?"

"Aliweka vidole," nikamjibu. "Lakini ana miguu kumi na sita, kwa hivyo tulimaliza saa saba mchana."

Walicheka, na Mwalimu Immaculate akacheka mpaka akapangusa macho. Nilirudi nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyoenda.

Wiki iliyofuata walikusanya viwavi kutoka bustani ya shule wakawaweka ndani ya chupa kubwa iliyokatwa juu, wakafunika na kipande cha neti. Viwavi kumi na tisa. Watoto waliwahesabu kila asubuhi kabla ya maombi. Walichora kila mmoja alivyonenepa, alivyobadilisha ngozi, alivyotoa uzi. Kimberly alikuwa akiniletea habari zao jioni kama mtu anayesimulia harusi. Kila mtoto alipewa siku yake ya kuleta majani, na siku ya Kimberly ilikuwa Jumatano.

Jumatano asubuhi niliingia shambani na kisu. Nilisimama kwanza kwenye mistari ya chini. Nikachuma jani moja, nikaliinua kwenye mwanga, na jua likapita kwenye matundu likanipiga usoni. Nikafikiria lile darasa. Nikafikiria, mtoto wangu atafika na hili jani, na wale watoto watasema, "Kwani Shosho wa Kim alisema nini?" Na yule mwalimu mdogo atatabasamu kidogo tu, kwa heshima.

Nikapanda juu kwa fensi. Nilikuwa nimepiga dawa Jumatatu, siku mbili tu zilizopita. Nilichagua majani manne mazuri kuliko yote. Nikayaosha mara tatu kwa maji ya chumvi, nikayapangusa na kitambaa safi, nikayafunga kwenye gazeti. Wanunuzi wakiniuliza mimi huwaambia, "Osha tu na maji ya chumvi, hakuna shida." Nimesema hivyo miaka mingi mpaka siku hiyo nikajidanganya mwenyewe kwa maneno yangu.

Alhamisi viwavi wote kumi na tisa walikuwa wamelala.

Niliikuta hiyo habari saa kumi jioni, nilipoenda kumchukua Kimberly langoni. Watoto walinikimbilia kama kuku wanaoona sufuria, wakanivuta hadi darasani. Walikuwa wamelia, macho yamevimba. "Shosho wa Kim, viwavi wako wamekufa. Si mlikuwa mmepatana?" Kimberly alikuwa nyuma yao, ameshika mkanda wa begi, ananiangalia mimi tu. Kwenye karatasi ya ukutani, siku ya Jumatano, jina la aliyewalisha lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Mimi sisomi, lakini hilo jina la pili nalijua kwa umbo lake. Ni langu pia.

Hapo ndipo ningesema. Watoto walikuwa wamenyamaza, mlango ulikuwa wazi, maneno yalikuwa machache. Badala yake nikaweka mkono kwenye kidevu, nikatikisa kichwa kama daktari.

"Kiwavi hafi hivi hivi," nikasema. "Kiwavi huogopa kitu kimoja. Ukimpigia chafya, roho yake hutoka kupitia miguu, na miguu ni kumi na sita, huwezi kuiziba yote. Hebu niambieni, nani hapa ana mafua?"

Nilidhani watacheka. Hapa Molo kila mtu ana mafua, kuanzia chifu hadi jogoo. Lakini hawakucheka. Waligeuka wote pamoja wakamwangalia Jerotich.

Jerotich ni binti wa Kosgei, shamba la pili kutoka kwetu. Ni mtoto mpole, mwembamba, na pua yake huwa inamwagika kutoka mvua ya kwanza hadi ya mwisho. Alikuwa anakaa dawati la karibu na ile chupa. Aliinua mkono wa sweta akajifunika pua, na hiyo ndiyo ilimmaliza, maana wenzake waliona ni kama amekubali.

Ningeweza kusema nilikuwa nafanya mzaha. Sikusema. Nilimshika Kimberly mkono tukaenda nyumbani, na njiani nilikuwa naimba.

Wiki yote walimwita Chafya. Walivuta madawati mbali naye. Mwalimu aliwakataza, wakaacha mbele yake wakaendelea nyuma ya madarasa. Hapa kwetu, wakati wa fujo za uchaguzi, tumeshaona neno moja la mdomo likitoka boma moja likaingia boma lingine na vile linarudi. Najua kuliko wengi. Na bado nilisikia kila siku nikanyamaza.

Jumatano ya wiki hiyo nilikutana na mama yake, Chepkurui, kwenye kisima. Nilitaka kugeuka, lakini ndoo zilikuwa zimejaa.

"Mama Mburu," akaniambia, "wewe ni mtu mzima, umeona mengi. Hakuna dawa ya kienyeji ya mafua? Mtoto wangu amekataa shule. Anasema anaua vitu."

Sikilizeni nilichofanya. Nilimwambia achemshe majani ya mkalitusi, amfunike mtoto na blanketi afukizwe mara tatu kwa siku. Nilimwambia hata majani ya mti gani ni makali zaidi. Alinishukuru. Akanisaidia kunyanyua ndoo.

Kimberly aliniona narudi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Kesho yake jioni ndipo alitafuta chupa mbili.

Sasa amesimama mbele yangu jikoni na hizo chupa, na chai inapoa.

"Ni wewe uliwaua," akasema.

"Si nimekuambia niliyaosha? Mara tatu."

"Na haya pia nimeyaosha mara tatu. Na chumvi. Nilitumia ile chumvi yako."

Nikaiacha chumvi. Nikaenda kwa upande mwingine.

"Kimberly, mimi ni mtu wa kale. Sikupelekwa shule. Ile chupa ya dawa imeandikwa maneno kama siafu, mimi nitajuaje imesema siku ngapi?"

Nimetumia hilo neno maisha yangu yote. Nimelitumia kwa chifu, kwa benki, kwa mtu wa bima, na kila mara wamenionea huruma. Mtoto hakunionea.

"Waithaka alikuambia hapa hapa mlangoni. Alisema Jumapili mbili zipite kabla ya kukata. Na wewe ukamwambia umesikia. Nilikuwa naosha vyombo."

"Waithaka naye anakuja kuchukua kila wiki. Mbona yeye hangoji hizo Jumapili?"

Nikajuta papo hapo, kwa sababu niliona lile neno likimwingia, likitafuta mahali pa kukaa. Aliigeuza ile chupa ya pili mezani.

"Kwa hivyo zile za lori," akasema polepole. "Baba na mama wananunua kabeji wapi huko Nakuru?"

Niliinuka nikaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na uchafu. Nina miaka sabini na tatu. Nimefukuzwa shamba, nimezika mume, nimelala kwenye hema na watoto mvua ikinyesha, na sijui siku nyingine ambayo nilitaka sakafu ifunguke kama hiyo. Mburu ni mtoto wangu. Nilikuwa nikimtumia gunia la viazi kila mwezi, na kabeji nilimwambia ajinunulie huko, asihangaike na kubeba.

"Wacha hiyo," nikasema. "Hiyo ni ya watu wazima."

"Sawa. Lakini Jerotich ni wa watoto," akanijibu. "Jumatatu tunaandika ripoti. Mwalimu anasema kila mtu aandike kwa nini viwavi walikufa. Wote wataandika chafya, Shosho. Itabandikwa ukutani. Mimi niandike nini?"

"Andika hujui."

"Najua."

"Andika ni baridi."

"Nitabeba hizi chupa."

Niliziangalia zile chupa, na aibu ikanipanda kutoka miguuni kama maji ya kisima wakati wa masika. Wazo la kwanza lililonijia, nasema ukweli, lilikuwa kuzitupa chooni akienda kuteka maji. Nilihesabu hata hatua. Halafu nikaona mtoto ameweka mkono juu ya kila chupa, mkono mdogo, kucha zina udongo wa shamba langu, na nikajua amenisoma. Wajina wangu ameanza kunilinda dhidi yangu mwenyewe.

"Unataka nini?" nikamuuliza.

"Uende kwa kina Jerotich leo. Umwambie yeye na mama yake. Halafu Jumatatu uje darasani."

"Mbele ya mwalimu?"

"Hadithi uliitoa mbele ya mwalimu."

Nikakaa. Nilikaa kwenye kile kiti kifupi cha kuoshea miguu, kwa hivyo alikuwa mrefu kuliko mimi. "Nitaenda," nikasema. "Nitaenda kesho, baada ya kanisa."

"Leo."

"Jioni basi."

"Shosho, wewe ukifika huko utawaambia treni imeteleza." Hakusema kwa utani. "Sema hapa kwanza. Mimi ni Jerotich. Sema nisikie."

Akavuta kiti akakaa mbele yangu, mikono magotini, kama mtoto wa watu. Nikasafisha koo.

"Kulikuwa na nyanya mmoja huku Molo..."

"Si kulikuwa. Ni mimi."

"Kulikuwa na mimi."

"Shosho."

"Ngoja basi, mtoto wewe, ngoja nishike kamba yake." Nikajaribu tena. "Jerotich, mtoto mzuri, unajua viwavi ni watu wa ajabu sana. Siku moja mkubwa wao..."

Kimberly alifunga macho. Machozi yakapita chini ya kope, bila sauti. Mimi naweza kumfanya mtu acheke kwenye matanga. Naweza kumwambia mtu ng'ombe wangu anajua Kiingereza na akaomba kumwona. Lakini hayo maneno machache ya kweli, kila nikiyasukuma yanavaa koti na kofia yanatoka yakiwa hadithi.

"Jerotich anavuta mvuke wa mkalitusi," akasema macho yakiwa bado yamefungwa. "Nilienda kumwona jana. Uso umeiva. Aliniuliza kama mimi bado ni rafiki yake, ama pia naogopa."

"Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia. Nilikungoja wewe."

Nje kuku walikuwa wanagombana kwenye maganda ya viazi. Nilivua kitambaa cha kichwa. Sijui kwa nini, labda kwa sababu kanisani wanaume huvua kofia. Nywele zangu nyeupe zilikuwa zimesimama huko na huko, na hakunicheka. Niliyaangalia macho yake, yaliyokuwa yamefunguka sasa, nikayashika hapo ili maneno yasipate njia nyingine ya kupita.

"Jerotich," nikasema. "Si chafya yako."

Akaitikia kwa kichwa. Endelea.

"Chafya haiui kiwavi. Hilo neno nililitunga mimi, pale darasani, watu wakiniangalia." Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, mzee kuliko mimi. "Ni mimi, Wangare. Nilichuma majani upande wa soko. Nilikuwa nimeyapiga dawa Jumatatu, nikayachuma Jumatano. Yale ya nyumbani yalikuwa na matundu, na mimi nilikuwa nimejigamba, nikaona haya. Na nilijua, Jerotich. Nilijua dawa bado iko, nikaosha tu ili nikiulizwa niseme..."

Mlango wa jikoni ulisukumwa.

Alikuwa Jerotich. Alikuwa amevaa sweta ya shule siku ya Jumamosi, miguu ina umande hadi magotini, na amekumbatia chupa iliyojaa viwavi wa kijani, ishirini hivi, wa kulipia wale wa darasani, wakitembea juu ya majani yenye matundu. Mkono wake mwingine ulikuwa umebana kitambaa kilichokunjwa mara nyingi juu ya pua na mdomo, imara, asiwapumulie.